Mjadala: Alama ikiwa ilianzia kwa wapagani, anayeivaa leo anamwabudu nani?

Mleta mada

Wadau, salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kwangu limeshaingia ndani ya nyumba.

Wiki tatu zilizopita mama yangu alivua mkufu wake wa msalaba. Aliachiwa na mama yake, ameuvaa tangu usichana wake, na kile kimsalaba kimelika pembe kwa kushikwashikwa. Akiwa na jambo linalomsumbua, vidole vyake huenda hapo vyenyewe. Siku hiyo alitumiwa picha kwenye simu. Ina alama saba, kila moja imekatwa kwa mistari miwili myekundu, na chini yake kuna maelezo ya mstari mmoja. Msalaba: wa Tamuzi, mungu wa Babeli. Hilali na nyota: vya mungu mwezi. Nyota ya Daudi: ya mungu Refani. Jicho ndani ya pembetatu: la Iluminati. Alama ya amani: msalaba uliovunjwa mikono. Nyota ya pembe tano: ya Shetani. Swastika: ya Hitler. Kisha kwa herufi kubwa: UKIVAA, UMEJIUNGA.

Mama hakubishana na mtu. Aliufungua, akaufunga kwenye leso, akauweka kwenye droo. Nilipomuuliza akanijibu, "Mwanangu, kama miaka yote hii nilikuwa namwabudu mwingine bila kujua, Mungu anisamehe."

Jibu lile limeninyima usingizi. Nimesoma nilivyoweza, na msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye kuupinga ajue anapinga nini: maana ya alama iko kwa watu wanaoitumia na kwa kile wanachokifanya nayo. Ilikozaliwa ni vizuri kupajua, lakini hapamhukumu mtu wa leo.

Ushahidi wangu mkubwa ni nyoka wa shaba. Katika Hesabu 21 Musa anaamriwa amtengeneze na kumweka juu ya mti, na kila aliyeumwa na nyoka akimtazama anapona. Karne nyingi zinapita. Katika 2 Wafalme 18:4 mfalme Hezekia anamvunja vipande vipande nyoka yuleyule, kwa sababu watu wamekuwa wakimfukizia uvumba; naye aliitwa Nehushtani. Kisha katika Yohana 3:14 Yesu anamtaja tena nyoka huyo, safari hii kama mfano wa kuinuliwa kwake mwenyewe. Shaba ni ileile. Asili yake ilikuwa amri ya Mungu, na asili hiyo haikumkinga na nyundo ya Hezekia. Sasa nauliza: ikiwa asili njema haikuweza kuitakasa alama milele, asili mbaya inapata wapi nguvu ya kuichafua milele?

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, pole kwa mama, na nasema pole kwa moyo mweupe. Ila mimi naona alifanya sawa.

Umetuletea nyoka wa shaba ukamkwepa ndama wa dhahabu. Kutoka 32:5, Haruni anajenga madhabahu mbele ya yule ndama, halafu anatangaza kwamba kesho itakuwa sikukuu kwa Bwana. Kwa Bwana! Hakusema kwa mungu wa Misri. Kwa mdomo wake nia ilikuwa safi, na bado watu waliangamia siku hiyo. Kumbukumbu la Torati 12:30 nayo inawaonya Waisraeli wasiulize mataifa yaliitumikiaje miungu yao ili nao wafanye vivyo hivyo. Hakuna mahali paliposemwa "fanyeni tu, mradi mnamkusudia mwingine".

Pili, historia. Shuka kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa mwanzo kule Roma. Utakuta samaki, nanga, njiwa, mchungaji aliyebeba kondoo begani. Msalaba wa wazi ni wa kutafuta. Ulipata nguvu baada ya Konstantino, kaisari wa Roma, na vita vyake vya mwaka 312. Waliokuwa karibu zaidi na mitume hawakuutundika ukutani kwa sababu walijua ni chombo cha kuulia watu. Baba yako akiuawa kwa bunduki, utavaa kibunduki cha dhahabu shingoni?

Na neno la Kigiriki lililotumika, stauros, maana yake ya kwanza ni nguzo iliyosimikwa. Hiyo T mmeitoa wapi kama si kwa Tamuzi?

Mchangiaji wa pili

Nimefundisha historia miaka mingi. Naomba nianze na hiyo T, maana ndiyo iliyomvua mama mkufu.

Habari kwamba msalaba ni herufi ya kwanza ya jina la Tamuzi ilienezwa na mchungaji wa Scotland, Alexander Hislop, katika kijitabu cha mwaka 1853 alichokipanua kuwa kitabu kamili mwaka 1858. Shabaha yake ilikuwa kuthibitisha kwamba Kanisa Katoliki ni Babeli iliyorudi. Wakati ule wataalamu ndio kwanza walikuwa wanajifunza kusoma maandishi ya Babeli. Leo mabamba ya udongo yamesomwa kwa maelfu na tunajua walivyoandika: walibonyeza ncha ya tete kwenye udongo mbichi, alama moja ikawa silabi au neno zima. Mwandiko huo hauna herufi T. Na jina lenyewe kwa Kisumeri ni Dumuzi.

Herufi yenye umbo la msalaba ipo kweli, lakini ni ya Wafoinike na ya Kiebrania cha kale. Inaitwa tav. Sasa fungua Ezekieli. Sura ya 8 mstari wa 14, nabii anaonyeshwa wanawake wameketi wanamlilia Tamuzi, na anaambiwa ni chukizo. Geuza ukurasa. Sura ya 9 mstari wa 4, mtu mwenye kidau cha wino anatumwa apite katikati ya Yerusalemu, atie alama kwenye vipaji vya nyuso vya wote wanaougua na kulia kwa sababu ya machukizo hayo, ili wasiguswe. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "alama" pale ni tav. Kwa mwandiko wa zama zile, alama iliyowatenga watu na wale wanaomlilia Tamuzi ilichorwa kwa mistari miwili inayokatana. Picha ya kwenye simu imezishika kurasa hizo mbili ikazipindua.

Kuhusu Konstantino. Miaka mia moja hivi kabla ya vita vyake, Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago, Afrika Kaskazini, aliandika kwamba Wakristo hujichora ishara kwenye paji la uso wanapotoka na kuingia, wanapovaa viatu, wanapooga, wanapokaa mezani, wanapowasha taa. Konstantino alikuwa hajazaliwa. Tuna pia nakala za Injili kwenye mafunjo za karibu mwaka 200, ambamo mwandishi akifika kwenye neno stauros anazipandisha herufi mbili za Kigiriki, tau na rho, moja juu ya nyingine, mpaka zinafanana na mtu mwenye kichwa aliyenyoosha mikono. Ni kitu kidogo sana, hakizidi ukubwa wa punje, kimefichwa katikati ya neno. Ukikiona ndipo unafahamu walioandika walikuwa na umbo gani akilini.

Lakini ushahidi unaonigusa kuliko wote aliuacha adui. Mwaka 1857, kwenye kilima cha Palatino huko Roma, ulipatikana mchoro uliokwaruzwa kwenye lipu ya ukuta. Wengi huukadiria kuwa wa karibu mwaka 200. Kuna mtu ametundikwa msalabani, anaonekana kwa mgongo, na kichwa chake ni cha punda. Kushoto chini amesimama kijana mmoja, ameinua mkono. Chini yake maneno ya Kigiriki yenye makosa ya tahajia: Alexamenos anamwabudu mungu wake. Jengo lile hudhaniwa lilikuwa la kufunzia vijana watumishi wa ikulu ya kaisari. Mwenzao mmoja alikuwa Mkristo, wakamdhihaki ukutani. Angalieni vizuri: aliyechora hakuchora samaki wala nanga. Watu wa nje walishajua alama ya hawa ni ipi.

Mchangiaji wa kwanza ana haki mahali pamoja. Wakristo wenyewe walichelewa kumchora Yesu msalabani. Moja ya picha za mwanzo kabisa za hadharani iko kwenye mlango wa mbao wa kanisa la Santa Sabina, Roma, wa miaka ya 430 hivi. Mikono imenyooshwa, ila mti wenyewe karibu hauonekani. Adhabu hiyo ilikuwa imefutwa karne ya 4. Nadhani ilibidi kwanza kipite kizazi kilichowaona watu wakining'inia barabarani.

Mchangiaji wa tatu

Assalaam alaikum na amani kwenu nyote. Ndugu mleta mada, mpe mama salamu zangu.

Kwenye ile picha sisi tumetajwa wa pili, kwa hiyo nitasema la kwetu. Na nitaanza kwa kukiri: hilali na nyota havikuletwa na Mtume, rehema na amani zimshukie. Hakuna aya wala hadithi inayotuamuru kuviweka juu ya msikiti. Mwenye kusema kwamba si alama ya dini kwa maana ya amri, nakubaliana naye.

Lakini kutoka hapo kurukia "mungu mwezi" ni kumsingizia mtu. Qur'ani 41:37 inakataza waziwazi kulisujudia jua wala mwezi, na kuamuru asujudiwe aliyeviumba. Aya ya 2:189, watu walipouliza juu ya miezi miandamo, wakajibiwa kuwa ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Mwezi kwetu ni kalenda.

Basi umbo lile limetoka wapi? Mji wa Byzantion, ambao baadaye ukawa Konstantinopoli, ulikuwa na hilali na nyota kwenye sarafu zake tangu kabla ya Yesu. Wafalme wa Kisasani wa Uajemi nao waliziweka pembezoni mwa sarafu zao za fedha. Waislamu walipoichukua Uajemi, waliendelea kugonga sarafu za mtindo uleule kwa miongo kadhaa: uso wa mfalme wa Kiajemi umo, nyota na hilali zimo, na ukingoni wameongeza kwa Kiarabu "Bismillah". Chukua moja mkononi na utaona dini mbili kwenye kipande kimoja cha fedha. Ni Khalifa Abdul-Malik bin Marwan ndiye aliyezibadilisha kuanzia mwaka 77 wa Hijra, sawa na 696 hadi 697. Aliondoa picha zote akaacha maandishi matupu. Yaani Waislamu wa karne ya kwanza waliikuta alama hii, wakaitumia kwa mazoea, kisha wakaiacha.

Ilirudi kwa mlango mwingine, mlango wa serikali. Dola ya Waturuki wa Uthmania iliiweka rasmi kwenye bendera ya taifa mwaka 1844, na kwa kuwa ndiyo iliyokuwa dola kubwa ya Waislamu, ulimwengu ukaichukulia kama alama ya Uislamu wenyewe. Nchi nyingine zikaifuata baadaye, Pakistani ikiwa mojawapo mwaka 1947.

Nawapa kisa kimoja ambacho naona kinaugusa mjadala huu katikati. Msalaba Mwekundu wa huduma kwa majeruhi wa vita ulipokubaliwa Geneva mwaka 1864, ulikuwa bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi. Hawakukusudia dini. Vita vya Waturuki na Warusi vilipokaribia katika miaka ya 1870, dola ya Uthmania ikatangaza kwamba itatumia hilali nyekundu, kwa sababu askari wake Waislamu wauona ule msalaba ni wa dini. Waliobuni walisema hivi, waliouona wakaona vile. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 ukaikubali hilali, na pia simba na jua jekundu la Uajemi. Mwaka 2005 ikaongezwa ya nne, umbo la almasi jekundu lisilo na chochote ndani, ili kila mtu aridhike. Na mpaka leo msalaba na hilali ndizo zinazotumika zaidi, kwa sababu ndizo zinazotambulika haraka.

Kwa hiyo ndugu yangu mleta mada, hoja yako ya "wanaoitumia" ina mguu mmoja. Anayetazama naye yumo.

Mimi binafsi, kama ningeulizwa, ningependelea misikiti ibaki bila hilali. Ila sitamwambia jirani yangu kwamba alipoiweka alimshirikisha Mungu.

Mchangiaji wa nne

Nawasoma wote. Swali langu ni dogo. Kwa hoja ya mleta mada, mtu akivaa swastika leo akasema yeye anamaanisha heri, tumwache apite?

Mleta mada

Hapo umenishika pagumu, sikatai. Nakubali pia alichosema ustadhi, kwamba anayetazama yumo. Sikuwa nimeliwaza hivyo.

Jibu langu la haraka ni kwamba inategemea ni wapi na mbele ya nani. Lakini naomba anayeijua alama hiyo kuliko mimi aseme.

Mchangiaji wa tano

Kaka mleta mada, ngoja nisaidie, ingawa sidhani utaupenda mwisho wa msaada wangu.

Neno svastika ni la Kisanskriti, limejengwa kwa su, yaani njema, na asti, yaani kuwepo. Hali njema. Mhindu huichora kwa unga mwekundu kwenye kizingiti cha nyumba na kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya la hesabu, na mara nyingi huweka nukta nne, moja katika kila nafasi kati ya mikono. Kwa Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, mikono minne ni hali nne ambazo roho inaweza kuzaliwa ndani yake. Kwa Wabudha hukaa kifuani pa sanamu za Buddha, na kwenye ramani za Japani huonyesha mahali palipo na hekalu. Umbo hilo limechimbuliwa pia kwenye magofu ya mji wa kale wa Troya, ambako mchimbaji Heinrich Schliemann alilikuta kwenye vyombo vya udongo katika miaka ya 1870, na ugunduzi huo ndio uliowatia Wazungu wazimu wa kulitafuta kila mahali. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa alama ya bahati njema hadi kwenye kadi za salamu. Divisheni ya 45 ya jeshi la nchi kavu la Marekani ilikuwa na swastika ya njano juu ya nyekundu begani, mpaka ikabadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ndege wa radi.

Chama cha Wanazi kiliichukua mwaka 1920. Mwaka 1935 ikawa ndiyo bendera pekee ya taifa la Ujerumani. Mwaka 1945 ilikuwa imekwisha. Hesabuni. Miaka 25 dhidi ya maelfu ya miaka.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 1940, huko Arizona, wawakilishi wa mataifa manne ya wenyeji wa Marekani, Wanavajo, Wahopi, Waapache na Watohono O'odham, walitia saini tamko. Alama hiyo ilikuwa yao pia, waliifuma kwenye mablanketi na vikapu kwa maana ya urafiki. Wakaandika kwamba imenajisiwa na taifa jingine, na kwamba kuanzia siku hiyo wanaiacha. Hawakuwa wamekosa lolote. Hawakuwa wameisikia kwa Hitler. Asili yao ilikuwa safi, matumizi yao yalikuwa safi, na bado waliiweka chini kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kuonana nao.

Ndiyo maana nasema kaka, kipimo chako kinampendelea mvaaji. Kuna mtu wa tatu ambaye hujamtaja, naye ni aliyeumizwa chini ya alama hiyo. Mjukuu wa aliyeuawa kambini hana deni la kwenda kujifunza Kisanskriti kabla moyo wake haujapiga haraka.

Na bado siwezi kumwambia bibi wa Kihindu afute kizingiti chake. Sheria ya Ujerumani inakataza kuonyesha alama za Kinazi, ikiruhusu elimu, sanaa na utafiti. Jimbo la Victoria nchini Australia lilipopiga marufuku mwaka 2022, liliiita alama ya Kinazi kwa jina lake la Kijerumani, Hakenkreuz, msalaba wenye ndoano, na likawaachia Wahindu, Wabudha na Wajaini ya kwao. Naona huo ni uungwana. Lakini angalieni: sheria ilibidi itofautishe kwa majina kile ambacho jicho halikitofautishi vizuri.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru dada, umenisaidia bila kukusudia. Mmekubali sasa kwamba alama inaweza kunajisika. Kama miaka 25 imetosha kuichafua swastika mbele ya dunia, mnashangaa nini nikisema msalaba, ambao Warumi waliutumia kwa karne kadhaa kuwatesea watumwa, hauwezi kusafishwa na mkufu? Baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus, mwaka wa 71 kabla ya Kristo, waliwatundika watu wapatao 6,000 kando ya barabara ya Appia, kutoka Capua mpaka Roma. Nani anawakumbuka hao akivaa cha dhahabu?

Hilo la Tamuzi nimelisikia na nimelikagua mwenyewe kwenye Ezekieli. Naliacha. La bunduki bado nalishikilia.

Mchangiaji wa sita

Nimekuwa kimya nikiwasoma, lakini hilo la bunduki lazima lijibiwe, na jibu naliona kwenye nyota ya Daudi.

Kwanza tuiondoe habari ya Refani. Matendo 7:43 inataja nyota ya mungu Refani. Haisemi ilikuwa na pembe ngapi. Anayesema sita ameongeza mwenyewe. Nyota ya pembe sita ilikuwa pambo la kila mtu kwa karne nyingi. Kwenye magofu ya sinagogi la Kapernaumu imechongwa jirani kabisa na nyota ya pembe tano, kama maua. Waislamu waliiita muhuri wa Suleimani wakaiweka kwenye sarafu na vyombo. Alama ya Wayahudi ya zamani hasa ni kinara cha taa saba. Ndicho kilichochongwa kwenye Tao la Tito huko Roma, askari wakikibeba kama nyara baada ya kuliteketeza hekalu mwaka 70. Nyota ilianza kushikamana na Wayahudi kama jumuiya huko Praha, ambako mfalme Karolo wa Nne aliwapa haki ya kuwa na bendera yao mwaka 1354. Harakati za Wazayuni, za kuwatafutia Wayahudi nchi yao, zikaichukua mwaka 1897.

Sasa njooni Septemba 1941. Serikali ya Kinazi inaamuru kila Myahudi nchini Ujerumani aliyefikisha miaka sita ashone nyota ya njano kwenye nguo yake, upande wa kushoto wa kifua, na katikati yake neno "Myahudi" kwa herufi zilizochongwa kuiga Kiebrania kwa dhihaka. Mtoto wa darasa la kwanza. Miaka saba baadaye, Oktoba 1948, nyota hiyohiyo iko kwenye bendera ya nchi ya Israeli.

Waliotiwa alama ili waaibike waliinua alama ileile. Ndugu mchangiaji wa kwanza, hicho ndicho Wakristo walichokifanya na msalaba. Mtoto wa aliyeuawa kwa bunduki hawezi kulinganishwa nao, kwa sababu yeye anaamini bunduki ilishinda. Paulo alipowaandikia Wakorintho kwamba Kristo aliyesulubiwa ni kikwazo kwa Wayahudi na upuuzi kwa Wayunani, alijua aibu hiyo vizuri, na akasema ndiyo atakayoihubiri.

Sisemi kwamba ukishaiinua basi umemaliza. Kwa Mpalestina aliyepoteza nyumba, nyota hiyohiyo kwenye bendera ina maana ambayo sithubutu kumfundisha vingine. Dada wa tano ana haki, yule mtu wa tatu aliyeumizwa yupo siku zote, na wakati mwingine ni mtu mwingine kabisa kuliko jana.

Mchangiaji wa nne

Na zile nyingine za kwenye picha? Jicho, amani, nyota ya pembe tano?

Mleta mada

Hizo nilizisoma, zitakuwa fupi.

Alama ya amani ilichorwa mwaka 1958 na Mwingereza Gerald Holtom kwa ajili ya maandamano ya kupinga silaha za nyuklia. Alichukua ishara mbili za bendera za mkono wanazotumia mabaharia: mikono yote miwili imeshushwa mshazari ni N, mmoja juu wima na mmoja chini wima ni D. Akazipandanisha ndani ya duara: kupokonywa silaha za nyuklia, kwa herufi za kwanza za Kiingereza. Msalaba uliovunjwa uliongezwa na watu wengine baadaye.

Jicho ndani ya pembetatu wachoraji wa Kikristo wa Ulaya walilichora kumaanisha Mungu wa Utatu aonaye yote. Liliwekwa kwenye muhuri wa Marekani mwaka 1782 na likafika kwenye noti ya dola mwaka 1935. Iluminati walikuwa chama cha siri kilichoanzishwa Bavaria mwaka 1776 na kupigwa marufuku miaka ya 1784 na 1785, na ndege waliyemchukua kama alama yao alikuwa bundi wa Minerva, mungu wa kike wa hekima wa Warumi. Nyota ya pembe tano Wakristo wa zama za kati waliitumia kwa majeraha matano ya Yesu. Kuigeuza kichwa chini na kuiita ya uovu kulienezwa na Éliphas Lévi, Mfaransa aliyeandika vitabu vya uchawi, katika miaka ya 1850, na kundi la Marekani linalojiita Kanisa la Shetani, lililoanzishwa 1966, likaichukua hiyo iliyogeuzwa. Wanaoivaa hivyo kwa kumaanisha hivyo wapo kweli. Sikatai.

Kitu kimoja nilichokutana nacho nataka mkijue, maana kinaonyesha kwamba sisi si wa kwanza kukaa hivi tukibishana. Mwaka 391 hekalu la mungu Serapisi mjini Aleksandria, Misri, lilibomolewa. Mwanahistoria Sokrate wa Konstantinopoli, aliyeandika karne iliyofuata, anasimulia kwamba kwenye mawe yake zilionekana alama za Kimisri zenye umbo la msalaba. Bila shaka ni ile ankh, msalaba wenye kitanzi juu. Wakristo wakasema ni yetu. Wapagani wakasema ni ya Serapisi pia. Wakaulizwa waliojua kusoma maandishi yale, wakajibu kwamba maana yake ni uzima ujao. Na Wakristo wa Misri, Wakopti, waliichonga ankh hiyo kwenye mawe ya makaburi yao. Walijua ilikotoka. Ilikuwa kwenye kuta za mahekalu waliyopita mbele yake kila siku.

Msimamo wangu wa mwanzo nimeurekebisha. Nilisema maana iko kwa anayetumia. Sasa nakubali iko pia kwa anayetazama, na kwamba aliyeumizwa ana sauti ya kwanza kusikilizwa. Ambacho sijabadilisha ni hiki: mtu aliyetengeneza picha ile hakuwa mmoja wa hao. Hakuumizwa na msalaba wa mama yangu. Alimtisha tu.

Jana jioni nilimsomea mama haya mliyoandika. Kwenye Ezekieli, mama alikuwa na Biblia yake mapajani akawa anafuatiliza kwa kidole. Nilipofika kwenye ule mchoro wa kichwa cha punda akanisimamisha. Hakuuliza habari ya Tamuzi wala ya Konstantino. Aliuliza, "Na huyo kijana, aliuona?"

Mchangiaji wa pili

Mwambie mama hivi. Kwenye chumba kingine cha jengo lilelile kuna maandishi mengine yaliyokwaruzwa ukutani, kwa Kilatini, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Ni maneno mawili tu: Alexamenos fidelis. Alexamenos mwaminifu.

Mleta mada

Nimemwambia. Ameniomba nimwandikie maneno hayo mawili kwenye karatasi. Ameikunja, ameiweka kwenye droo, juu ya leso.